Madigadi Mawili ya Kushoto

Askari alinisimamisha njia ya Aurora, mwezi wa Machi,
akainama, akapima kwa vidole vinne vya glovu
jinsi tairi lilivyochungulia nje ya bodi.
"Mguu umezidi shuka," akasema.
Hakuniandikia faini. Alinipa siku kumi.

Pikapu yangu ni ndogo, ya mwaka niliozaliwa;
chumvi ya barabarani imeila pembeni
kama panya alavyo mkate, kutokea ndani,
ukishtuka limebaki ganda.
Matairi alinipa binamu yangu Urho, mapana, ya bure,
na cha bure huja na deni lake:
kila dimbwi la theluji iliyoyeyuka
lilipanda likaingia dirishani,
nikawa nafika kwa wazee, zamu ya usiku,
na madoa meusi shavuni, hadi Bi Sylvi wa chumba cha tisa
akaniuliza nani ananipiga.

Dukani, madigadi mapana, seti nzima: dola mia nne na kumi.
Mfukoni: thelathini na moja, na tokeni ya kufulia nguo.

Mjomba Reino alistaafu mgodini na mgongo mbovu
na kipande cha mkanda wa mpira
uliobeba mawe ya chuma ujana wake wote
hadi siku ulipokatika katikati ya zamu.
Ameuweka bandani miaka kumi na miwili, chini ya boti bovu.
"Unautunzia nini?" nilimuuliza zamani.
"Utaona," alisema. Hakujua.

Kiolezo nilikikata kwenye boksi la friji ya jirani.
Nikakibandika kwa utepe, nikarudi hatua tatu,
nikafinya jicho, kama fundi cherehani
anayelitilia shaka bega la koti.

Mpira wa mgodi haukatwi, unabembelezwa:
kisu cha zulia, maji ya sabuni, magoti yote mawili juu yake,
na tusi la Kifini ambalo bibi yangu
alikuwa akiwawekea ng'ombe wakaidi.
Ribiti, dola sita. Drili, ya kuazima.
Bomba la kumwagilia bustani nililipasua kwa urefu
nikauvisha ukingo wa bati,
mpira usije ukaila rangi, au masalio ya rangi.

Ya nyuma yalikaa kana kwamba yalizaliwa pale.
Nikajipigia mluzi. Hapo ndipo.

Mkanda una uso na una mgongo:
uso laini, mgongo mistari mitupu, kama mgongo wa samaki aliyeliwa.
Nililaza kiolezo, nikakata. Nikakilaza tena, nikakata.
Sikukigeuza.
Kushoto.
Na kushoto.
Nikakaa juu ya ndoo.
Mpira umekwisha, siku zimebaki mbili,
na nje theluji ya mwisho inaanguka bila haya.

Mjomba akaja na kahawa, akaliokota la pili,
akaligeuza ndani nje, akalipachika kulia.
Likakaa. Ila mgongo sasa uko hadharani,
mistari yote, na kovu refu
pale mkanda uliposhonwa kwa waya
mwaka fulani, na mwaka aliutaja,
na aliyeushona akamtaja, Arvo Lahti,
na kidole Arvo alichokiacha humo.
Nikawa napiga ribiti huku namsikiliza.
Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo
bila kuulizwa.

Siku ya kumi askari alilizunguka gari,
akafika kulia, akasimama.
Akapitisha kidole juu ya mshono.
"Hili mbona limevaliwa kinyume?"
"Ni la kushoto," nikamwambia.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akaenda zake.

Sasa madimbwi yanagonga mpira, yanarudi chini yalikotoka.
Ribiti moja imeshalegea; nitaitazama Jumamosi.
Bi Sylvi anasema uso wangu umetakata,
na kwamba nilifanya vyema kumwacha yule mwanamume.
Nimemjibu ndiyo,
alikuwa mzito, na hakulipia chochote.